Mzigo wa Karatasi: Chama cha Wasomi Kianzie Tabora
(Njia ya Misafara, Sehemu ya Tatu)

Makala mbili zilizotangulia ziliufuata mzigo wa mabegani: pembe zilizotoka Manyema, nguo na shanga zilizopanda kutoka Bagamoyo, na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba vyote. Leo nageukia mzigo wa karatasi. Nao ulisafiri kwa njia hiyohiyo, ila sehemu yake kubwa haikurudi.

Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 1857. Waliyoyaandika yakaishia London. Shajara za Stanley, aliyekaa Kwihara pamoja na Livingstone mwaka 1872, zimehifadhiwa Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Barua za Mapadri Weupe, walioanza kuipita njia hii mwaka 1878, ziko Roma. Majalada ya Wajerumani yamegawanyika kati ya Dar es Salaam na Berlin. Hata Tippu Tip, ambaye baba yake alilowea Unyanyembe, yaani pande hizi za Tabora, na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, lakini aliyeyatoa kwanza ni Mjerumani, Heinrich Brode, katika jarida la Berlin. Kijana wa Tabora anayetaka kuandika historia ya mtaa wake aanze kwa kuomba viza.

Ndiyo maana natetea chama cha kitaaluma cha kuichunguza Unyamwezi na njia ya misafara, chenye makao Tabora kwenyewe.

Wazo si geni Afrika Mashariki. Entebbe, mwaka 1923, kulizaliwa chama cha fasihi na sayansi ambacho baadaye kilihamia Kampala na kuitwa Uganda Society. Jarida lake, Uganda Journal, likaanza 1934. Ni kweli kwamba wengi walioliandikia mwanzoni walikuwa maofisa wa kikoloni. Hata hivyo, kati ya 1935 na 1937 Mukama wa Bunyoro, Tito Winyi, alichapisha humo historia ya wafalme wa nchi yake, akijificha nyuma ya herufi mbili tu, K.W. Kwetu, Tanganyika Notes and Records ilianza 1936 Dar es Salaam. Ukifungua matoleo ya miaka ile utakuta mabwana shauri wakieleza desturi, makaburi na majina ya koo walizozitawala, na mara nyingi mzee aliyewasimulia hatajwi hata jina. Pamoja na kasoro hiyo, tunayategemea matoleo hayo mpaka leo. Baada ya uhuru, mwaka 1966, wanahistoria waliunda Chama cha Historia Tanzania, na kwa niaba yake kikatoka mwaka 1968 kitabu ambamo Andrew Roberts aliandika sura kuhusu Wanyamwezi. Tayari J. B. Kabeya alikwisha kumwandika Mtemi Mirambo kwa Kiswahili.

Vyombo hivi vyote vilitoka makao makuu. Mfano wa kutoka chini uko kwa majirani zetu Wasukuma: Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padri David Clement kutoka Kanada alikusanya ngoma, viti vya watemi na habari za koo, na jumba la makumbusho likainuka parokiani. Ninachokipenda Bujora ni kwamba ukusanyaji ulitangulia. Hawakusubiri kongamano.

Sasa mipaka, na hapa ndipo chama kinaweza kuharibika kabla hakijasajiliwa. Kikijifunga ndani ya Mkoa wa Tabora wa leo, kitakuwa kimeukata mguu wa msafara. Unyamwezi ya karne ya 19 haikuwa duara kwenye ramani. Ilikuwa watu walio safarini. Msiri aliondoka pande za Wasumbwa akafuata shaba mpaka Katanga, akajenga dola yenye makao Bunkeya, na huko aliuawa Desemba 1891. Wazao wa watu wake, Wayeke, wapo hadi leo. Upande wa magharibi kuna Uvinza, ambako uchimbuzi wa Roberts na J. E. G. Sutton, uliochapishwa 1968, ulionyesha kwamba chumvi ilikuwa ikipikwa zaidi ya miaka elfu moja, yaani kabla msafara wa pwani haujaotwa hata ndotoni. Mashariki kuna Ugogo na hongo zake, yaani ushuru wa kupita, zilizowakera sana Wazungu lakini ambazo kwa Wagogo zilikuwa bei ya maji katika nchi kavu.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO orodha ya awali ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni orodha nzuri, lakini imeelemea majengo na nyayo za wageni. Urambo ya Mirambo haimo, ingawa vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe, kuanzia 1871 hadi 1875, viliilazimisha misafara kuzunguka. Visima na vivuko havimo. Kambi za wapagazi, ambamo wanawake nao walilala, wakapika na pengine wakabeba, haziachi ukuta wa kupigwa picha. Kazi hiyo inataka mtu anayekijua kijiji na lugha yake.

Kisheria mlango uko wazi. Jumuiya huandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ikiwa na katiba na majina ya viongozi. Ningewashauri waanzilishi waende pia RITA kusajili bodi ya wadhamini, kwa sababu chama hiki kitamiliki mali: picha, kanda, daftari za marehemu. Mali isiyo na mdhamini huhamia sebuleni kwa mwenyekiti, na akifa huuzwa pamoja na makochi. Na mweka hazina atafutwe kabla ya mlezi. Profesa wa kupamba barua hakosekani.

Wanachama wapo: walimu wa Tabora Boys na Milambo, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Askofu Mkuu Mihayo, wastaafu wa reli, koo za watemi, Waswahili wa mjini ambao babu zao walikuja na misafara. Uchapaji nao si mgeni hapa. TMP imetoa vitabu vya Kiswahili Tabora kwa miongo mingi, na gazeti la Kiongozi lilichapwa hapahapa.

Toleo la kwanza la jarida lisijazwe hotuba. Liwe orodha: karatasi ipi ya Unyamwezi iko wapi, namba yake ya jalada, lugha yake, na gharama ya kupata nakala. La pili liwe masimulizi ya wazee kwa Kinyamwezi, yakiwa na tafsiri ya Kiswahili pembeni, na jina la msimulizi liandikwe juu, mahali pa mwandishi. Kuhusu ada, wanachama wataamua. Mimi ningeanza na kiasi ambacho fundi baiskeli wa Ng'ambo anaweza kulipa bila kukopa, maana huenda yeye ndiye mjukuu wa kirangozi, kiongozi wa msafara.

Wiki ijayo: Uvinza, na jinsi chumvi ilivyopikwa.