Ufunguo Ghafi: Namna Mafundi wa Kitale na Bungoma Wanavyoutambua

Makala haya yananuia kueleza ujuzi usiowashughulisha wapitanjia wengi: namna fundi anapoletewa ufunguo asioufahamu anavyotambua kipande cha shaba au chuma kinachofaa kuchongwa nakala yake. Kipande hicho, chenye kichwa na mifereji lakini kisicho na meno, aghalabu mafundi hukiita blanki. Hapa kitaitwa ufunguo ghafi, kwa mlinganisho na mali ghafi. Jina 'ufunguo mtupu' lingepotosha, maana kipande hicho si kitupu hata kidogo. Nusu ya siri ya kufuli tayari imo ndani yake. (Kwamba neno 'ufunguo' limetokana na 'fungua' wala si 'funga', ilhali chombo hufanya yote mawili, ni mada ya siku nyingine.)

Asiyejua kazi hii hutazama meno kwanza. Fundi huyatazama mwisho. Meno yatachongwa na mashine kwa kuufuata ufunguo wa asili. Kinachomsumbua ni mifereji iliyopita ubavuni kwa urefu. Mifereji hiyo ndiyo inayouruhusu ufunguo kupenya tunduni, na tofauti ya nusu milimita yatosha kuuzuia. Kwa hiyo huuinua ufunguo, ncha ikilielekea jicho, kisha akaulinganisha na funguo ghafi zilizotundikwa kwenye misumari ya kibao chake. Je, mfereji uko kushoto au kulia? Umevuka mstari wa katikati? Zipo funguo ghafi mbili zinazofanana kama mtu na taswira yake kiooni, na wanagenzi huzikosea mara kwa mara.

Baada ya mifereji hufuata urefu kutoka begani hadi nchani. Katika makufuli ya pini, ambayo Linus Yale Mdogo alipewa hataza zake nchini Marekani mnamo 1861 na 1865, ufunguo wa pini tano ni mfupi kuliko wa pini sita. Mrefu waweza kukatwa ncha, mfupi haurefushwi.

Maandishi ya kichwani nayo husaidia, ila yasiaminiwe upesi. Ufunguo wa asili huwa na jina la mtengenezaji wa kufuli, kama vile Union au Tri-Circle. Ikiwa ufunguo ulioletwa wenyewe ni nakala, kichwani mna jina la mtengenezaji wa ufunguo ghafi, tuseme Silca ya Italia au JMA ya Uhispania, pamoja na nambari ya katalogi. Nambari hiyo ina thamani kuliko umbo la kichwa, ambalo watengenezaji huiga watakavyo.

Kitale ina mtihani wake. Walowezi walimiminika Trans Nzoia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na reli ikafika mjini mnamo 1926. Katika nyumba za enzi hizo bado hupatikana vitasa vya kizamani, vyenye ufunguo wa fito ya mviringo na bawa dogo nchani. Hapa mifereji si hoja. Fundi hupima unene wa fito, huangalia kama ina uwazi ndani, kisha hupima kimo na upana wa bawa. Asipopata saizi kamili huchukua bawa kubwa zaidi na kulipunguza kwa tupa. Fundi wa Bungoma asiyekuwa na ufunguo ghafi wa aina hiyo huweza kumwelekeza mteja wake Kitale, kupitia Webuye.

Hata hivyo, si kila anayeleta ufunguo anao mlango. Wapo wanaoleta alama ya ufunguo iliyogandamizwa kwenye kipande cha sabuni. Alama hiyo huonyesha meno vizuri, lakini haionyeshi ncha inayopaswa kulielekea jicho. Fundi mwangalifu humwambia mtu huyo alete kitasa chenyewe. Mwenye mlango hurudi na bisibisi yake mfukoni na kitasa mkononi, na kutambua ufunguo ghafi huwa kazi ya dakika moja.