Kinga Moja kwa Bunduki Moja

Sogeeni, wadogo zangu. Mkipita upande wa Kingamyambo, hapa Kolwezi, mnaona lile tope kavu la kijivu lililojaa bonde zima. Ni mabaki ya mawe yaliyosagwa ili kutoa shaba, tangu enzi za kampuni ya Union Minière hadi Gécamines. Nani alichimba mawe hayo? Mababu wa Katanga, ndiyo. Na mababu waliotoka Kasai pia, walioletwa na kampuni na reli tangu mwanzo wa karne ya 20. Walikaa kambi moja, watoto wao wakabatizwa parokia moja, wakaimba kwaya moja. Lishikeni hilo la kwaya.

Agosti 1992, mkutano mkuu wa taifa kule Kinshasa, ulioongozwa na Askofu Monsengwo, ulimchagua Étienne Tshisekedi wa Kasai kuwa waziri mkuu. Aliyetoka kwenye kiti alikuwa Nguz a Karl-i-Bond wa Katanga. Ulikuwa ugomvi wa viti. Lakini gavana wa Katanga, Kyungu wa Kumwanza, pamoja na vijana wa chama cha UFERI, wakaushusha hadi mlangoni kwa jirani. Wakasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Fujo zililipuka Likasi mwaka huo huo. Machi 1993 zikafika hapa Kolwezi. Watu walifukuzwa majumbani, wakalala stesheni na madarasani wakingoja treni ya Kasai, nchi ambayo wengine wao hawakuwahi hata kuikanyaga. Mamia ya maelfu waliondoka Katanga. Wengi walifia stesheni na ndani ya mabehewa.

Sasa swali ambalo watoto huliuliza na wakubwa hulikwepa: hao waliofukuza wenzao walisali wapi Jumapili? Wengi wao, makanisa yale yale. Ndiyo maana mimi siuamini sana undugu unaotangazwa kwa kipaza sauti siku ya sikukuu. Bado haujagharimu mtu kitu.

Na sikieni kioja. Mwaka 2016 chama cha Kyungu kilikuwa katika muungano mmoja wa upinzani na huyo huyo Étienne Tshisekedi, dhidi ya Rais Joseph Kabila. Wakubwa walipatana kwa kuwa walihitajiana. Aliyeiacha nyumba yake Kolwezi miaka 23 nyuma hakurudishiwa hata bati moja kwa sababu hiyo.

Twende kaskazini sasa, Malemba-Nkulu, kule mto wetu Lualaba unakotanuka kuwa maziwa na mabwawa. Vita vya 1998 vilimwaga bunduki mikononi mwa vijana wa Mai-Mai. Vita vilipotangazwa kwisha, bunduki zilibaki, na mwenye bunduki alikula kwayo: alisimama njiani, akamtoza mama aliyebeba samaki. Mahubiri alishayasikia. Angefanya nini kesho yake bila silaha?

Hapo akaja mchungaji wa Kimethodisti, Daniel Ngoy Mulunda, na shirika lake PAREC. Sharti lake lilieleweka hata na asiyejua kusoma: leta bunduki, chukua kinga, yaani baiskeli. Mgeni huenda akacheka, baiskeli ni nini? Lakini nyinyi mmewaona wauza makala wakiingia mjini: magunia yamefungwa hadi yamempita mtu kimo, fimbo imefungwa kwenye usukani ili aisukume kinga mlimani huku akitembea kando yake. Kwa kinga, mahindi yanafika sokoni na samaki wakavu wanafika mjini. Kijana aliyekuwa akiwazuia watu njiani akawa na sababu ya kutaka njia iwe wazi. Hilo ndilo ninalolipenda katika kazi ile. Msumbiji nako, Baraza la Kikristo pamoja na Askofu wa Kianglikana Dinis Sengulane walianza jambo kama hilo mwaka 1995: silaha kwa jembe, kwa cherehani, kwa baiskeli. Bunduki zikakatwa vipande, na wasanii wakazitengenezea viti na sanamu.

Hadithi ya Mulunda ingekuwa tamu kama ingeishia hapo. Januari 2021 alikamatwa Lubumbashi na kushtakiwa kuchochea chuki ya kikabila kwa maneno aliyoyasema kwenye ibada. Siwaambii ili mumcheke. Nawaambia kwa sababu kukusanya bunduki za watu wengine ni kazi moja, na kuchunga ulimi mbele ya watu wako wanaokupigia makofi ni kazi nyingine, ngumu kuliko ile. Vijana wa Kasai wanaendelea kushuka treni huku kwetu kutafuta kazi, na maneno ya zamani sasa yanatembea kwa simu. Anayekutumia maneno hayo si adui. Ni kaka au dada yako, ni mwenzako wa kwaya. Yesu alimwambia mwenye sadaka mkononi aiache kwanza madhabahuni, aende kwa ndugu mwenye jambo naye. Hakumwambia asubiri huyo ndugu aje.

Mei 2022 maaskofu wa Katanga, wakiongozwa na Askofu Mkuu Fulgence Muteba wa Lubumbashi, waliwaita Wakatanga kwenye kongamano la mapatano. Joseph Kabila na Moïse Katumbi, waliokuwa wametengana tangu 2015, wakapeana mikono mbele ya watu. Kuna waliouliza, na mimi naona walikuwa na haki: umoja wa Wakatanga sawa, na jirani aliyetoka Kasai akae wapi?

Huenda swali hilo lilimfuata Muteba. Februari 2025, mji wa Goma ukiwa umekwisha kutekwa na waasi wa M23, yeye kama mkuu wa maaskofu wa Kongo yote, pamoja na Mchungaji André Bokundoa wa makanisa ya Kiprotestanti, walikwenda Goma na kukaa meza moja na Corneille Nangaa, kiongozi wa waasi. Kinshasa baadhi ya watu waliwaka: nani amewatuma kwa adui? Wao walikuwa wameshazungumza na Rais Tshisekedi, mwana wa Étienne, kabla ya kwenda. Kutoka Goma wakaendelea na safari, wakafika Kigali na Nairobi.