Kadi ya makosa

Nilikwenda Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kufuatilia habari ya mitaro iliyoziba. Mvua ikanikimbiza hadi kwenye baraza ya mzee nisiyemjua. Alinikaribisha, akanimiminia kahawa, na wakati tunangoja mvua ipungue nikaona kisanduku cha mbao kilicho wazi mezani. Ndani mlikuwa na sekstanti, kile chombo cha vioo na tao ambacho mabaharia hupimia kimo cha jua na nyota. Chombo chenyewe hakikunishangaza, maana maduka ya watalii yamejaa vya kuigiza, vya shaba inayong'aa. Kilichonishika ni kadi iliyobandikwa upande wa ndani wa kifuniko: safu mbili za tarakimu, saini, na maelezo ambayo ukiyafupisha yanasema kwamba chombo hiki kina makosa, na makosa yenyewe ndiyo haya.

Nimenunua vitu vingi maishani. Sijapata kupewa hata kimoja pamoja na orodha ya kasoro zake iliyotiwa saini na aliyekikagua.

Mzee alikuwa afisa wa sitaha katika meli za mizigo kwa miaka 26, na hataki jina lake liingie gazetini. Nilipomwambia kinachonisumbua, alicheka hadi kahawa ikamwagika. "Mwanangu, hayo ya kwenye kadi ndiyo madogo," akasema. "Njoo Laitihausi Jumamosi, asubuhi, kabla wenye mihogo hawajawasha moto. Nikuonyeshe makubwa."

Ukubwa wa makosa haya unahitaji neno moja. Dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja katika sitini za nyuzi moja, ni maili moja ya bahari, mita 1,852. Chombo kikikudanganya kwa dakika mbili na nusu, umekosea mahali pa meli yako kwa zaidi ya kilomita nne. Huku kwetu kuna vijisiwa kama Fungu Mbaraka, kusini mashariki ya Unguja, vilivyo chini kuliko mnazi; kilomita nne usiku ni nyingi sana.

Manahodha wa zamani wa bahari hii walitumia kamali, kibao chenye uzi wa mafundo unaoshikwa kwa meno, wakahesabu vimo vya nyota kwa vidole. Kibao kile hakikuwa na skrubu ya kulegea. Vioo vilikuja karibu mwaka 1730, pale John Hadley wa Uingereza na Thomas Godfrey wa Philadelphia, kila mmoja kivyake, walipobuni chombo kinacholishusha jua hadi kwenye upeo wa bahari ndani ya jicho la mpimaji. Pamoja na vioo yakaja makosa ya vioo.

Jumamosi saa mbili asubuhi mzee alikuwa tayari kwenye ukuta wa Mama Ngina, hapo Laitihausi, kofia kichwani, kisanduku magotini. Vioo ni viwili, akanionyesha. Kikubwa huzunguka pamoja na mkono wa chombo. Kidogo kimefungwa mbele ya darubini, nusu kioo, nusu wazi.

Aliilaza sekstanti kiganjani, akausogeza mkono hadi katikati ya tao, akachungulia kioo kikubwa kwa pembeni. Tao halisi na taswira yake viliungana kama ukingo wa sahani moja. "Kimesimama wima," akasema. Kisha akaweka mkono kwenye sifuri, akakiinamisha chombo upande na kutazama mstari wa bahari. Akanipa. Mstari ulikatika kidogo, kama kitambaa kilichoshonwa kwa haraka. Hilo analiita kosa la ubavu: kioo kidogo kimelalia upande.

Akatoa kifunguo kidogo kisichozidi ukucha. Akalegeza skrubu moja kidogo, ndipo akakaza mwenzake. "Ukikaza kabla ya kulegeza, utavunja kioo. Na huko nje hakuna duka." Mstari ukaungana. Lakini kulinyoosha kosa hili kumeligusa lile jingine, la sifuri, kwa sababu kioo ni kilekile kimoja. "Skrubu hizi ni kama warithi wa nyumba moja. Ukimridhisha huyu, yule ananuna."

Nilidhani sasa atalinyoosha na la sifuri. Hakulinyoosha. Kosa la sifuri maana yake ni kwamba vioo viwili haviko sambamba pale chombo kinaposema sifuri, kwa hiyo kila kipimo cha siku hiyo kitazidi au kitapungua kwa kiasi kilekile. Likiwa chini ya dakika tatu hivi, mzee halishughulikii kwa kifunguo. Skrubu huisha meno, na kioo kinachoguswaguswa hakitulii. "Nalipima, naliandika, nalitoa kwenye hesabu. Linanitosha likijulikana."

Na namna anavyolipima ndiyo sababu ya makala haya.

Aliteremsha vioo vya rangi mbele ya vile viwili, akaielekeza darubini kwenye jua lenyewe, akaniita. Niliona majua mawili, moja la kijani, moja la rangi ya chungwa, yamepandana. "Zungusha hicho kigurudumu, polepole, la kijani lishuke mpaka litoke. Yabusiane tu, yasiumane." La kijani likateleza chini ya lenzake hadi kingo zikagusana, na kwa nukta moja nikasahau kwamba napima kitu. Tarakimu akaisoma yeye mwenyewe: dakika 34.2, ndani ya tao. Kisha likapandishwa, likapita juu ya lenzake, hadi kingo zikagusana upande wa pili. Hapo kigurudumu kilionyesha 30.6, nami nikaandika 30.6. Akanipokonya kalamu. Upande huu uko nje ya tao, ng'ambo ya sifuri, na tarakimu zinasomwa kinyume: toa kwenye 60, unapata 29.4. Anasema kwenye meli aliona vijana wenye vyeti wakikosea hapo.

Toa ndogo kwenye kubwa: 4.8. Gawa kwa mbili: 2.4. Hilo ndilo kosa la sifuri la asubuhi hiyo, na kwa kuwa lililozidi ni la ndani ya tao, linatolewa. "La ndani toa, la nje ongeza," alisema, kama mtu anayesoma dua ya safari.

Ila hakuishia hapo. Alijumlisha zile mbili, 63.6, akagawa kwa nne: 15.9. Akafungua almanaka ya baharini kwenye ukurasa wa siku ile. Chini ya safu ya jua, nusu ya upana wake: dakika 15.9. Tarakimu ambayo hakuna aliyeiuliza imejitokeza yenyewe. Kutoa kunakupa kosa la chombo, kujumlisha kunakupa ukubwa wa jua, na jua halijui kuwa wewe ni afisa.

Nikajaribu mimi peke yangu, tangu mwanzo. Nilipata 33.0 na 27.8. Kosa la sifuri likawa 2.6, karibu kabisa na lake, nikaanza kujisifu. "Jumlisha," akasema. Nikapata 15.2. "Jua lako limekonda. Umeyaacha yameumana." Kosa langu la juu na kosa langu la chini yalikuwa karibu kulingana, yakafutana, yakanipa jibu zuri nisilolistahili. Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile.

Jua halina upana mmoja mwaka mzima, akaniongezea. Mwanzoni mwa Januari dunia iko karibu nalo zaidi, na nusu ya upana hufika 16.3, Julai hushuka hadi 15.8. "Kaskazi linanenepa, kusi linakonda. Sisi tunasema joto la Januari ni joto tu."

Kazi hii haijazikwa. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia bado unawataka maafisa wa sitaha wajue kupima nyota, na Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani kilirudisha somo hilo mwaka 2015 baada ya kuliacha kwa miaka kadhaa. Katika Bahari ya Shamu na Ghuba manahodha wameripoti GPS ikivurugwa. Nilimwuliza kama hilo linampa furaha. Aliangalia meli iliyokuwa inaingia Kilindini, hakunijibu.

Nikarudi kwenye kadi. Yale ya kwenye kadi ni ya namna nyingine: mkono usiozungukia kitovu halisi cha tao, mistari iliyochorwa nje kidogo ya mahali pake. Hayana skrubu. Yanapimwa kwenye karakana, pembe kwa pembe, yanaandikwa: nyuzi 15, nyuzi 30, hadi 120. Je, yeye anaweza kuyahakiki? Inawezekana, alisema, kwa kupima umbali kati ya nyota mbili na kuulinganisha na hesabu. Alijaribu mara moja sitahani, meli ikiyumba, akaacha.

"Haya mengine naulizana na jua kila asubuhi," alisema akifunga kisanduku. "Haya ya kadi namwamini huyu." Akaweka kidole kwenye saini. Nikainama kuisoma, nikashindwa.

"Hata mimi," akasema. "Nimejaribu miaka yote hiyo. Naona kama herufi ya kwanza ni H."