Gari Linapogonga Nyuma

Ninyi mnaopita sokoni Keroka kila asubuhi mkija shuleni, bila shaka mmewahi kuliona lile gari la Peugeot 504 la kubeba mizigo, limejaa ndizi mpaka juu, mkia umeinama kama ng'ombe aliyeshiba. Magari ya 504 yalianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, yakashinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kwa miaka mingi yakawa yakiunganishwa pale Mombasa. Kwa hiyo ni gari zee kuliko sisi wanafunzi wote. Baba yangu analo moja, na karo yangu hutoka mgongoni mwake. Linapolala nyumbani wiki nzima, mimi nami hurudishwa nyumbani.

Mwaka jana lilianza kugonga nyuma. Ko! ko! ko! kila lilipoingia shimo. Njia zetu za murramu kuelekea Rigoma mnazijua, mashimo hayaishi. Fundi mmoja alisikiliza kidogo tu akasema shoki zimekufa, yaani ile mitungi inayozuia gari kurukaruka. Baba akanunua shoki mpya mbili, pesa nyingi kweli kweli. Siku ya pili, ko! ko! ko! Kumbe ugonjwa ulikuwa mwingine, na dawa tumekwisha kuinunua.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa bushi. Nyuma ya gari hili kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa, kirefu juu na vifupi chini yake, moja kila upande. Ncha za kile chuma kirefu zimekunjwa zikawa kama jicho. Ndani ya jicho hukaa bushi, yaani mpira mnene wenye bomba dogo la chuma katikati, na bolti hupita humo kuishikilia springi kwenye fremu. Ncha ya mbele imefungwa moja kwa moja, lakini ile ya nyuma imening'inia kwa vipande viwili vya chuma vinavyoitwa shakeli, kwa sababu springi ikilemewa hunyooka na kurefuka, nayo lazima ipate nafasi ya kwenda. Mpira huo ni kama gegedu tulilosoma katika Biolojia. Likiisha, mfupa husaga mfupa. Nyanya yangu analijua jambo hilo vizuri kuliko mimi.

Sasa, utajuaje kama ni shoki au ni bushi? Kandamiza mkia wa gari kwa nguvu halafu uachilie. Likipanda likashuka kisha likatulia, shoki ni nzima. Likiendelea kucheza kama mtoto kwenye bembea, shoki imekwisha. Baada ya hapo chungulia chini kwa tochi. Ukiona unga mwekundu wa kutu kando ya bolti, au chembe nyeusi za mpira, au bolti haiko tena katikati ya jicho, bushi hiyo imekufa. Kama bado huamini, chukua mtaimbo, uuingize kati ya springi na kishikizo chake, usukume polepole. Mpira mzuri hukubali kidogo na kurudi. Mpira mbovu huacha chuma kikaruka na kugonga.

Bushi ya mbele ndiyo ya kuogopwa zaidi. Hiyo ndiyo inayoishikilia ekseli isirudi nyuma. Ikiisha upande mmoja, gurudumu la upande huo husogea, na gari likaanza kutembea mshazari kama mbwa. Dereva akikanyaga breki kwenye mteremko, mkia unakwenda unakotaka wenyewe, na huku kwetu Gusii barabara isiyo na mteremko ni ipi? Tulipima kwa kamba kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, usukani ukiwa umenyooka. Kamba haikukubaliana, ilipishana kwa upana wa kidole. Baba alinyamaza kabisa. Siku iliyotangulia alikuwa amebeba watu juu ya ndizi.

Basi tukaweka bushi mpya, na hapo ndipo kisa kilipo. Hazikumaliza miezi miwili. Zilichanika kama kitambaa. Tulilaumu duka, tukasema ni bandia. Ikabidi tumwendee mzee mmoja ambaye alizitengeneza Peugeot tangu zilipokuwa matatu za safari ndefu. Aliitazama ile mipira kidogo tu, akaniuliza: "Mura, mlikaza bolti gari likiwa wapi?" Nikamjibu, "Juu ya jeki, mzee." Akacheka.

Alinieleza hivi, nami nilikuwa sijawahi kusikia. Mimi nilidhani bushi huzunguka kwenye bolti kama gurudumu. La hasha! Bolti ikikazwa, lile bomba la katikati hubanwa na vishikizo pande zote mbili, haliendi popote. Sehemu ya nje ya mpira nayo imebanwa na jicho la springi. Kwa hiyo gari likipanda na kushuka, kinachofanya kazi ni mpira wenyewe, unajisokota kidogo na kujisokotoa. Sasa ukikaza gari likiwa hewani, springi zimening'inia, mpira unadhani hapo ndipo nyumbani kwake. Unapolishusha gari, tayari umeshasokotwa kabla hata ya kubeba mkungu mmoja. Ongeza ndizi, ongeza mashimo, basi unachanika. Duka halikuwa na kosa.

Tulirudia kazi Jumamosi iliyofuata. Kwanza tulizuia magurudumu ya mbele kwa magogo, maana breki ya mkono ya gari hili hushika ya nyuma, na ukiyainua haina faida. Fremu tuliiweka juu ya stendi za chuma, si mawe. Jiwe hupasuka bila kukupigia hodi. Jeki ya pili tuliiweka chini ya ekseli ili springi isivutwe wala isisukumwe. Bolti zilikuwa zimelowekwa mafuta tangu jana yake. Tulifungua upande mmoja tu kwanza, upande wa pili ukaendelea kuishikilia ekseli isihame.

Kuitoa bushi ya zamani ndiko kulikonitoa jasho. Wengine huichoma moto. Mzee alikataa, kwa kuwa moshi wake ni sumu na joto huharibu ugumu wa springi. Tulitumia bolti ndefu, kipande cha bomba upande mmoja na nati upande wa pili. Ukikaza nati, bushi inavutwa inaingia ndani ya bomba. Moja ilikataa kabisa, ikabidi tuikate kwa msumeno wa chuma, kidogo kidogo, tusije tukalijeruhi jicho. Mpya tuliipaka maji ya sabuni ikateleza ikaingia. Mimi nilikuwa nimeshika kopo la grisi, nikanyang'anywa. Grisi huufanya mpira uvimbe na kuoza. Tulibadilisha pande zote mbili, ingawa upande wa kulia ulionekana kuwa na afya kidogo.

Bolti zote tuliziacha zimekazwa kwa mkono tu. Gari likashushwa chini, mzee akatuamuru mimi na ndugu zangu wawili tupande nyuma turukeruke ili springi zikae mahali pake. Majirani walisimama kututazama, wakidhani tumerukwa na akili. Tuliposhuka, Baba akaingia chini na spana akakaza bolti moja moja, gari likiwa limesimama kwa miguu yake.

Huu ni mwezi wa tisa. Juzi tulipima tena kwa kamba, zikawa sawa. Sasa kuna mlio mwembamba upande wa mbele, kama wa panya, Baba akikata kona. Nimekwisha kuitafuta tochi.