Kutoa na Kurudisha Dashibodi ya Gari la Zamani

Katika kurasa hizi tumezoea kuongea habari za kuku, visima na akiba ya kikundi. Safari hii tunaingia gereji. Huku nje ya kisiwa, Likoni, Kisauni na Changamwe, kuna vikundi vya vijana ambao mtaji wao ni sanduku la spana na mikono yao. Kazi za kila siku ni breki, sasapenshoni na kumwaga oili. Lakini siku moja anaweza kuja mtu na gari la zamani la michezo, lile la milango miwili, na kusema: dashibodi imepasuka, nitolee, itengenezwe, unirudishie.

Msidhani magari hayo ni ya watu wa ng'ambo tu. Datsun 240Z, gari dogo la Kijapani la mbio, lilishinda Safari Rally mwaka wa 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Tangu 2003 kuna mashindano ya Safari ya magari ya zamani, ambayo mara kadhaa yameanzia au kuishia huku Pwani. Kwa hiyo magari hayo yapo, na wenyewe wanayapenda kama watoto. Tutatumia hilo la Datsun kuwa mfano wetu, ingawa mengi tutakayosema yanafaa hata kwa pikapu ya mzee iliyozaliwa mwaka huo huo.

Kwanza, kwa nini dashibodi hupasuka? Ile ya Datsun ni bati ndani, sponji juu yake, na ngozi ya plastiki imefunika. Gari likikaa juani madirisha yamefungwa, sehemu iliyo chini ya kioo cha mbele hupata moto kuliko mahali pengine popote ndani. Mwaka baada ya mwaka plastiki hukauka na kujikunja, bati halijikunji, basi ngozi hupasuka. Huku kwetu kuna na hewa ya chumvi, ambayo haionekani juu lakini huko nyuma inakula vichwa vya nyaya.

Kabla ya kushika bisibisi, kaeni chini na mwenye gari. Hapa ndipo vikundi vingi huumia. Dashibodi ya gari kama hili haipatikani dukani. Zinazoigwa siku hizi hutengenezwa ng'ambo na bei yake, pamoja na usafiri, inaweza kumaliza akiba yote ya kikundi. Washeni gari yeye akiwepo. Jaribuni taa, honi, waipa, indiketa, kila geji. Kisichofanya kazi kiandikwe kwenye daftari na yeye atie sahihi. Nyufa zote zipigwe picha kwa simu. Mkubaliane pia: plastiki ya miaka hamsini ikivunjika katika kufunguliwa kwa uangalifu, hasara ni ya nani? Swali hilo likiulizwa mapema ni maongezi. Likiulizwa baadaye ni kesi kwa chifu.

Haya, sasa kazi. Jambo la kwanza ni betri. Toeni waya wa hasi, mufunge kitambaa kichwani mwake usije ukarudi wenyewe. Msiseme "tutakuwa waangalifu tu". Kwenye Datsun 240Z kuna geji ya chaji, ile inayoonyesha kama betri inajazwa au inanyonywa. Umeme mwingi wa gari, isipokuwa ule wa stata, hupita ndani ya geji hiyo kwa nyaya mbili nene, na mahali hapo ni kabla ya sanduku la fyuzi. Mmoja ukigusa bati betri ikiwa imefungwa, fyuzi ndogo hazitawaokoa. Moshi utatoka kabla hujapata spana.

Baada ya hapo toeni viti vya mbele. Vijana wengi huona ni kupoteza wakati, lakini kazi yenyewe inafanywa mtu akiwa amelala chali kichwa kiko kwenye pedeli, na kiti kikiwepo mtavuta vitu kwa nguvu. Toeni usukani na mifuniko yake, redio, kisanduku cha karatasi, na vishikio vya hita. Nguzo ya usukani hushushwa kwa kulegeza bolti zinazoishika juu.

Kila waya uandikwe kabla haujatolewa. Tepu ya karatasi na kalamu vinatosha: "geji ya mafuta", "indiketa kushoto". Picha ya simu inasaidia, lakini picha ya nyaya thelathini gizani ni kama picha ya sahani ya tambi. Tepu ndiyo itakayowajibu wiki ya pili. Soketi ishikwe yenyewe, usivute waya. Kebo ya spidi hufunguliwa kwa vidole nyuma ya geji, na mkono mwembamba ndio unaofika. Skrubu za kila sehemu ziwekwe kwenye mfuko wake na jina lake.

Bolti za dashibodi yenyewe hujificha. Tafuteni chini ya kioo cha mbele, ubavuni karibu na milango, na katikati palipokuwa na redio. Ikiwa imekataa kutoka, kuna bolti hamjaiona, au waya mmoja bado umeshika. Msiivute. Watu wawili, mmoja kila upande, huivuta kidogo, mmoja anachungulia nyuma, halafu ndipo inatoka. Msiisafirishe kwa pikipiki kutoka Kisauni mpaka kwa fundi wa viti. Ilazwe kwenye blanketi ndani ya gari.

Kufunika si kazi ya makanika, na hapa ndipo kikundi kinapata faida ya kuwa kikundi, kama kuna mwenzenu anayeshona viti. Sponji iliyovimba hunyolewa, nyufa hujazwa kitu kinachopindika (plasta ngumu itapasuka tena), halafu reksini huvutwa juu ikiwa imepashwa joto. Gundi iwe ile ya kuhimili joto, maana ya viatu ya kawaida itaachia mara tu gari likisimama mchana kutwa juani. Reksini iwe nyeusi isiyong'aa. Ya kung'aa ni maridadi dukani, lakini mchana itajionyesha kwenye kioo na dereva hataona barabara.

Wakati dashibodi iko nje, safisheni vichwa vya nyaya vyenye kutu ya kijani kwa msasa laini, hasa zile nyaya zinazofungwa kwenye bodi. Geji nyingi zinazosemekana zimekufa, ugonjwa wao ni hapo tu.

Kurudisha ni kufuata njia ile ile kinyumenyume, bolti zote zishike kwanza ndipo zikazwe. Kebo ya spidi isipindwe kwa kona kali, la sivyo mshale utacheza ngoma. Mabomba ya hewa ya kioo yasisahauliwe, kwa sababu mkiyasahau mtaifungua yote tena, na msimu wa mvua dereva hataona mbele.

Kabla ya kukaza bolti za mwisho, jaribuni umeme hivi. Fungeni waya wa chanya wa betri kama kawaida. Ule wa hasi msiufunge moja kwa moja. Wekeni balbu ya indiketa ya volti 12 katikati: waya mmoja wa balbu kwenye nguzo ya hasi, mwingine kwenye kebo inayokwenda kwenye bodi. Swichi zote zikiwa zimezimwa na milango imefungwa, balbu isiwake. Ikiwaka kwa nguvu, kuna waya unaogusa bati, nanyi mmeujua kwa hasara ya balbu peke yake. Ikikaa kimya, toeni balbu, mufunge betri, mupitie ile orodha ya kwenye daftari mstari kwa mstari.

Onyo moja kwa wenye hamu. Njia hii si ya gari jipya lenye mfuko wa hewa kwenye usukani au dashibodi. Mfuko ule hupasuka kwa nguvu ya kuumiza mtu, na hufunguliwa na aliyefundishwa.

Mwisho, liendesheni usiku mwenye gari akiwa ndani, ili aone mwanga wa kila geji mwenyewe. Akiridhika atie sahihi chini ya ile ya kwanza, mumpe risiti, na skrubu kuukuu zilizobadilishwa mumrudishie kwenye mfuko wake.