Sheikh Abdalla Saleh Farsy na Msomaji wa Hadado



Mwaka uliopita, katika mwezi wa Shaabani, tulialikwa kuhudhuria nikahi huko Hadado, Wajir Magharibi. Kwa mtu wa Pwani hiyo ni safari ya kukaza moyo. Waondoka Mombasa, wapita Malindi na Garsen, waufuata mto Tana mpaka Garissa, kisha Modogashe, Habaswein na Wajir mjini, na bado hujafika. Minazi hupungua kidogo kidogo hata usiione tena. Ikabaki migunga, vumbi, na ngamia wanaotembea kama watu wasio na haraka yoyote na dunia.

Usiku wa pili, baada ya sala ya isha, tulikuwa tumekaa mkekani kwa mwenyeji wetu tukinywa chai ya maziwa ya ngamia. Upande wa pili wa uwanja, chini ya taa ndogo ya sola, binti wa miaka kumi na miwili hivi alikuwa akimsomea nyanya yake kitabu. Alisoma sentensi moja kwa Kiswahili, akanyamaza kidogo, akaitafsiri kwa Kisomali, ajuza akaitikia kwa kumsalia Mtume (S.A.W.), naye binti akaendelea na sentensi ya pili. Tulitega sikio. Hazikupita sentensi nyingi tukakijua kitabu: kilikuwa ni *Maisha ya Nabii Muhammad*, cha Sheikh Abdalla Saleh Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nasi tulikisoma chuoni tukiwa na umri kama wake.

Tukaomba tukione. Jalada lilikuwa limepotea zamani, na kurasa zilishonwa kwa uzi wa gunia. Amu yake alisoma Mombasa miaka mingi iliyopita, akarudi nacho ndani ya sanduku, na tangu hapo kitabu kimepita mkono hadi mkono. Binti akatuuliza kwa adabu, macho chini: "Sheikh, aliyekiandika ni nani? Jina lake halimo."

Tulimjibu kwa ufupi usiku ule, kwani wazee walikuwa wakitungoja. Jibu refu zaidi tunalileta hapa, kwa kuwa tunashuku kuwa katika nyumba nyingi za Pwani kwenyewe, ambako majalada bado yapo, watoto hawawezi kumtaja.

Sheikh Abdalla Saleh Farsy alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma skuli ya serikali na huku akisoma kwa masheikh, miongoni mwao Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumait. Alianza kazi ya ualimu katika miaka ya 1930, kisha akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika skuli za msingi. Mwaka 1960 alifanywa kadhi wa Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo yalibadilika. Akahamia Kenya, na kuanzia mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa nchi hii kwa zaidi ya miaka kumi. Alifariki Oman mwaka 1982.

Msomaji atazame hapo kwenye ualimu na ukaguzi. Mtu aliyezunguka skuli za Unguja na Pemba alikuwa akikutana kila siku na mtoto aliyehifadhi juzuu nzima na hajui Badri ilikuwa lini wala Bibi Khadija (R.A.) alikuwa nani kabla ya kuolewa na Mtume. Sheikh Abdalla alikuwa na Kiarabu cha kumwezesha kuandikia wanavyuoni wenziwe akasifiwa nao. Aliamua kuandika kwa Kiswahili, na Kiswahili chepesi. Aliandika maisha ya Mtume, akaandika habari za wakeze na wanawe, akaandika habari za wajukuu zake, akaandika juu ya sala, juu ya ndoa na talaka, juu ya Sayyid Said bin Sultan. Vingi katika hivi vilikuwa vijitabu vyembamba ambavyo mwanafunzi aweza kuvitia katika mkoba pamoja na msahafu. Na juu ya yote hayo akatafsiri Qur'ani nzima, ile *Qurani Takatifu* iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969, ambayo bila shaka imo katika rafu ya wengi wenu mnaosoma ukurasa huu.

Wala hakuwa peke yake. Aliyemtangulia katika ukadhi mkuu, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui wa Mombasa, naye aliandika maisha ya makhalifa wanne kwa Kiswahili. Na kabla yao wote alikuwapo Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la *Al-Islah* mwaka 1932 na kufariki mwaka 1947 akiwa Kadhi Mkuu. Fikirini: makadhi wakuu watatu, watu wa mirathi na mashauri, waliona kuwa kumwandikia mtoto ni sehemu ya kazi yao. Siku hizi ni nadra kumwona mkubwa wa dini akikaa kitako kuandika jambo la mtoto wa miaka kumi na miwili. Sisi wenyewe tumo katika lawama hiyo.

Twajua wapo watakaotukumbusha kwamba Sheikh Abdalla alisema maneno makali juu ya bidaa, na kwamba baadhi ya watu wetu hawakumridhia. Ni kweli. Lakini asome mtu kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, aone namna alivyowataja masheikh ambao pengine asingekubaliana nao katika mambo hayo: kwa heshima, kwa majina kamili, walisoma kwa nani, wakamsomesha nani, wakafa lini.

Katika vitabu vyake vyote, hicho ndicho tunachokipenda zaidi, na ndicho kilichotuletea mashaka Hadado. Kilitoka katika miaka ya 1970. Humo mtoto atamkuta Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, aliyekuwa nahodha wa jahazi kabla ya kuwa kadhi wa Unguja. Atamkuta Sheikh Abdalla Bakathir, mtoto wa Lamu, aliyesafiri kutafuta elimu mpaka Hadhramaut, na baadaye akaenda hata Cape Town kusuluhisha Waislamu waliokuwa wakigombana. Marafiki hawa wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Atamkuta pia Habib Saleh wa Riyadha. Tumewahi kuona watoto waliochoka na somo wakiinua vichwa vyao mtu anaposimulia habari za jahazi la Bin Sumait. Wazungu nao walikiona. Mwaka 1989 kilitolewa kwa Kiingereza huko Marekani na mtaalamu wa historia, Randall Pouwels, na kuna wasomi wa vyuo vikuu vya mbali wanaokijua vizuri kuliko wajukuu wa hao walioandikwa ndani yake.

Basi usiku ule tulimwambia binti kwamba mwandishi wake ameandika pia habari za masheikh wa kwetu, na kwamba baadhi yao walitoka upande wa Wasomali. Hapo nyanya yake alisogea karibu. Tukamtajia Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, aliyetoka Barawa akawa kadhi Unguja katika zama za Sayyid Said. Tukamtajia Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawy, mzaliwa wa Barawa vilevile, aliyepewa ukadhi wa Kilwa akiwa bado kijana, kisha akaishi Unguja hadi alipofariki mwaka 1896. Ajuza alisikia jina la Barawa akatabasamu, akamtaja Sheikh Uways, yule mkubwa wa Qadiriyya aliyeuawa mwaka 1909. Jina hilo alilijua tangu utotoni kwa kuimbwa, na tangu utotoni hajawahi kuliona limeandikwa.

Kisha binti akauliza swali ambalo tulistahili kulitazamia. "Na masheikh wa hapa? Wa Wajir? Wamo?"

Tulinyamaza. Sheikh Abdalla aliandika aliowajua na waliojuliwa na walimu wake. Wengi wa wale wakubwa walikuwa walimu wa walimu wake. Sheikh Bakathir alikuwa baba wa mwalimu wake, na Sayyid Ahmad bin Sumait vivyo hivyo. Alikuwa hatua moja nyuma yao, akaudaka mpira kabla haujaanguka. Nchi ya kaskazini haikuwa mbele ya macho yake, wala hatumlaumu. Mtu huandika mtaa wake. Lakini mtaa wa binti huyu ni nani aliyeuandika?

Mwenyeji wetu ndiye aliyejibu. Akasema kulikuwa na maalim mmoja mzee pale Hadado, aliyesomesha kwa lohi na wino wa makaa, akiwafuata wafugaji na mifugo yao kutoka kisima hadi kisima. Alijua kwa moyo alisoma kwa nani, na mwalimu wake alisoma kwa nani, mpaka vizazi vitano au sita. Alikuwa akiitaja silsila hiyo kila mwanafunzi alipokhitimu. Alifariki miaka michache iliyopita. Wanafunzi wake walipokutana mazikoni walijaribu kuitaja kwa pamoja; wakafika mtu wa tatu, wakakhitilafiana, wakaacha. "Kila mmoja wetu alikuwa na kalamu mfukoni," akasema, "na hakuna aliyemuuliza akiwa hai."

Yapo na mengine katika nchi ile ambayo watoto huyasikia kwa wajane tu. Njiani kutoka Wajir tulioneshwa upande uliko uwanja wa ndege wa Wagalla, ambako mwezi wa Februari 1984 wanaume wa Kidegodia walikusanywa na majeshi ya serikali, na wengi hawakurudi makwao. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 imelieleza jambo hilo. Lakini ripoti haisomwi chini ya taa ya sola na mtoto anayemtafsiria nyanya yake. Yahitaji mtu wa kuiketia, kupima lipi limwambie mtoto na lipi lingoje akue, na kuandika majina kwa usahihi, kwa kuwa wenye majina hayo wana wajukuu.

Hiyo ni kazi ngumu kuliko ionekanavyo. Tumejaribu wenyewe, katika madrasa yetu, kuandika kurasa ishirini tu juu ya imamu mmoja wa msikiti wa mtaani. Tarehe mbili zilitushinda. Mtoto wake alisema hivi, ndugu yake akasema vile, na cheti hakikuwapo. Tangu siku ile kila tunapofungua kitabu cha Sheikh Abdalla na kuona fulani kazaliwa lini, kafa lini, kazikwa wapi, twajua nyuma ya kila mstari kuna mlango uliobishwa na kikombe cha kahawa kilichonywewa na mzee aliyeachwa aseme mpaka achoke. Na alifanya hivyo akiwa na kazi ya mshahara, na watu waliomngojea kwa fatwa, na tafsiri ya Qur'ani mezani.

Asubuhi ya kuondoka tulimwachia binti nakala yetu ya kitabu cha wanavyuoni, tukamwandikia jina la mwandishi kwenye ukurasa wa mwanzo wa kile kisicho na jalada. Tukampa na daftari la mistari tulilolinunua Wajir kwa kazi nyingine. Tukamwuliza nyanya yake, kwa ulimi wa mwenyeji wetu, kama angeridhia kutwambia ni nani aliyemsomesha Qur'ani. Alitazama mbali kidogo. Akasema ni mwanamke, shangazi wa babake, na kwamba alikuwa akisomesha wasichana alfajiri kabla ya kukama.

Akataja jina lake na jina la baba yake. Binti aliandika kwa herufi kubwa, kisha akauliza alizaliwa wapi. Gari lilipoanza kupiga honi walikuwa bado wanabishana kuhusu jina la kisima.

Mwezi huu mwenyeji wetu ametupigia simu. Daftari lina walimu tisa, wanne kati yao wanawake, na kuna mzee mmoja wa Griftu anayesemekana kumjua yule mtu wa nne katika silsila ya marehemu maalim. Wanangoja mvua ipungue wapate kumwendea.