Ua la Usambara Chini ya Bati la Zombo

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza Tanga miche ya mkonge iliyotoka Florida. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, nayo ikazaana hadi mashamba yakaenea mpaka Kimamba, hapa hapa Kilosa. Mwaka huo huo, huko Hannover, Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen alilipa jina la kisayansi ua dogo la zambarau lililotoka upande wetu. Ofisa wa kikoloni Walter von Saint Paul-Illaire alikuwa amelikuta Usambara mwaka mmoja nyuma, akalipeleka kwao. Likaitwa Saintpaulia. Leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani.

Mkonge ulizoea haraka kwa sababu ni mmea unaovumilia jua kali na ukame. Ua la Usambara halina bahati hiyo kila lipelekwapo. Limezaliwa kwenye nyufa za miamba, chini ya kivuli cha msitu wenye ukungu. Ndugu zake wapo kwenye milima ya Uluguru na Nguru, Morogoro hii hii, kwa hiyo mtu wa Zombo anaweza kudhani ni ua la jirani na litamkubali tu. Ujirani wa ramani si ujirani wa hewa. Zombo iko bondeni, baina ya Kilosa na Mikumi, na bonde lina tabia zake: masika ya Machi hadi Mei yanalowesha kila kitu, halafu kiangazi kinakausha mpaka majani ya miombo yanapukutika.

Ua la ndani, hata hivyo, haliishi kwenye hali ya hewa ya wilaya. Linaishi kwenye hali ya hewa ya chumba, na chumba cha bati kisicho na dari ni nchi nyingine kabisa. Saa 8 mchana bati linamwaga joto kichwani, na kopo lililowekwa juu ya kabati linapata zaidi ya lile lililo sakafuni. Ndiyo maana maua mawili ya nyumba moja, yanayomwagiliwa na mtu mmoja, moja hustawi na jingine likanyauka. Watu husema mkono wa fulani haufai kwa maua. Mara nyingi mkono hauna kosa, tatizo ni kabati.

Jambo linalowachanganya wengi ni unyevu wa hewa. Kipimo chake cha asilimia kinaonyesha hewa imebeba maji kiasi gani ikilinganishwa na kile inachoweza kubeba kwa joto lililopo, na hewa ya moto inaweza kubeba mengi zaidi. Chukua hewa ya alfajiri yenye nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 90. Ifungie chumbani, usiongeze wala kupunguza tone, kisha bati liipandishe hadi nyuzi 32. Kipimo kitashuka hadi asilimia 44 hivi. Maji ni yale yale, lakini sasa hewa ina kiu, na inayanyonya kutoka kwenye majani na udongo. Anayepima alfajiri tu atajidanganya mwaka mzima. Pima alfajiri, upime tena saa 8 mchana.

Kipimajoto kiwekwe kwenye kimo cha mmea, kivulini, mbali na jiko na ukuta unaopigwa na jua. Kipima unyevu kidogo cha betri si ghali, lakini vingi havisemi kweli. Njia ya kukijaribu iko jikoni: weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo iwe kama uji mzito, kisha ifungie na kipimo ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa. Hakikisha chumvi haikigusi. Ukikiangalia kesho yake kinatakiwa kusoma asilimia 75. Kikisoma 68, basi kila mara ujumlishe 7, na maisha yaendelee.

Asiye na kipima unyevu atumie vipimajoto viwili vinavyolingana. Kimoja akiache kikavu. Cha pili akizungushie kitambaa chepesi cha pamba kwenye ncha, akiloweshe na kukipepea mpaka namba itulie. Kikavu kikiwa nyuzi 30 na chenye kitambaa 24, unyevu ni kama asilimia 60. Chenye kitambaa kikishuka hadi 20, umebaki kama asilimia 40. Kadiri tofauti inavyopanuka, ndivyo hewa ilivyo kavu.

Ua la Usambara linapenda nyuzi 18 hadi 24, na unyevu wa asilimia 50 kwenda juu. Namba ya pili unaweza kuipata Zombo bila shida wakati wa masika. Ya kwanza ndiyo inayosumbua. Kulinyunyizia maji majani hakusaidii: unyevu unapanda kwa dakika chache tu, na majani yake yenye manyoya yanabaki na madoa, hasa maji yakiwa baridi. Afadhali kuyakusanya maua pamoja, kila moja limsaidie mwenzake kwa mvuke wake, au kutumia chungu cha udongo badala ya kopo la plastiki, kwa kuwa udongo uliofinyangwa unapitisha maji na kupoza mizizi. Kiangazi kikikolea, geuza majani uangalie chini. Utitiri unapenda joto na ukavu, na huanza na vidoa vya manjano na utando mwembamba.

Lakini kuna mmea usiohitaji hekaheka zote hizi. Ni ile ZZ inayouzwa kwa bei ya kutisha kwenye vitalu vya Dar es Salaam ambayo huota yenyewe porini, kuanzia Kenya kupitia Tanzania hadi Afrika Kusini. Waholanzi ndio walioanza kuizalisha kwa wingi, karibu mwaka 1996, na sasa sisi tunainunua kama kitu cha kigeni. Huweka akiba ya maji kwenye kiazi chake cha chini na kwenye vikonyo vilivyonenepa. Hewa kavu haiiui. Inayoiua ni huruma ya mwenye nyumba anayeimwagilia kila siku mpaka kiazi kinaoza. Mmea mwingine wa aina hiyo, sansevieria, nao una ujanja wake: hufungua vitundu vya majani usiku, hewa ikiwa imepoa, na kuvifunga mchana.

Kwa nyumba ya bati isiyo na dari, Zombo au Mikumi, weka hizo mbili, na usimwagilie mpaka udongo ukauke kabisa. Hela ya ua la Usambara, anza nayo kununulia dari.